K2-18b

K2-18b ni sayari iliyo nje ya mfumo wa Jua letu, katika kundinyota la Simba (Asadi), takriban miaka ya nuru 124 kutoka duniani. Iligunduliwa mwaka 2015 kwa vipimo vya darubini ya anga ya Kepler. Masi yake ni karibu mara 8.6 ya Dunia. Huzunguka nyota kibete nyekundu kwa siku 33, katika ukanda ambamo maji yanaweza kubaki kiowevu.

Angahewa yake huchunguzwa sayari inapopita mbele ya nyota hiyo: sehemu ndogo ya mwanga hupenya angahewa, na kila gesi hufyonza mawimbi yake maalumu. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilionyesha kuwepo kwa methani na dioksidi kabonia. Mwaka 2025 kundi la Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilitangaza dalili za dimethili salfaidi, gesi ambayo duniani hutokana hasa na vijimea vidogo vya baharini. Wataalamu wengine waliochambua data hiyohiyo waliona ushahidi hautoshi. Tena gesi hiyo imepatikana kwenye nyotamkia 67P, hivyo inaweza kutokea hata bila uhai. Uhai kwenye K2-18b haujathibitishwa.