Chaja ya Kulaza

Asili ya neno simu ni Kiajemi, na huko lilikotoka maana yake ni waya. Lilipofika pwani yetu lilitaja kitu kilichoonekana kwa macho: waya wa telegrafu. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari iliyotoka Aden ilifika Unguja, na habari za ng'ambo zilizokuwa zikisubiri meli kwa majuma zikaanza kuingia siku ileile. Kupiga simu enzi hizo kulikuwa kupeleka maneno machache ya kulipiwa. Ikaja simu ya kuzungumzia, waya ukabaki. Zikaja redio za polisi na za askari wa wanyamapori, ambazo hazikuwa na waya wowote kati ya msemaji na msikilizaji, na watu wakaziita simu za upepo. Ukilifuata neno mpaka kwao, huo ni waya wa upepo, na hakuna aliyelalamika.

Sasa tuna msemo mpya, kuchaji simu bila waya. Huu unanisumbua, na ulianza kunisumbua katika kibanda cha fundi wa simu pale Skuta, Nyeri.

Fundi mwenyewe ni mtu wa magharibi ya Kenya, lakini amekaa Nyeri kiasi cha kuwaita wateja wazee cucu na guka kama wanavyoitwa na wenyeji. Alikuwa ameshika simu ya mama mmoja wa makamo ya nyanya, amelimulika tundu la chaji kwa tochi, na kwa ncha ya sindano anachokonoa nyuzinyuzi zilizoshindiliwa humo na mfuko wa koti. Zikatoka zote pamoja, kidonge cha kijivu kisichofika punje ya mtama. Hata hivyo pini ilikuwa imekwisha kulegea, na sistimu chaji, yaani kipande kizima cha tundu, ilitaka kubadilishwa. Ila simu hiyo, ambayo mama alitumiwa na mwanawe, ilikuwa na njia nyingine. Fundi akavuta kisahani cheusi kilichokuwa kimechomekwa kwenye soketi chini ya meza.

"Cucu, hii hata si lazima uichomeke. Ilaze tu hapa."

Mama akailaza. Kioo kikawaka, alama ya betri ikaanza kujaa. Akaiinua, ikaacha. Akairudisha, ikaendelea.

"Na stima inapitia wapi?"

Sijasikia swali bora zaidi juu ya chombo hiki. Ndani ya kisahani mna koili, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa bapa kutoka katikati kwenda nje, vile msusi wa kiondo anavyoanza kitako chake. Nyuma ya simu, chini ya kifuniko, mna koili nyingine. Stima ya ukutani nchini Kenya huja kwa mizunguko 50 kwa sekunde; chaja huigeuza ikawa mkondo wa mizunguko zaidi ya 100,000 kwa sekunde. Mkondo unaokwenda na kurudi kwa kasi hiyo hujizungushia uga wa sumaku, unaotanuka na kunywea pamoja nao. Uga huo ukiipenya koili ya simu, huamsha mkondo humo. Michael Faraday alilionyesha jambo hili London mwaka 1831, na siri yake yote imo katika mabadiliko: sumaku iliyotulia kando ya waya uliotulia haiamshi kitu. Simu huupokea mkondo huo, huunyoosha uende upande mmoja, kisha huulisha betri. Na muda wote huo inaongea na chaja. Hubadilisha kidogo mzigo inaouvuta, chaja ikalihisi badiliko hilo na kujua iongeze au ipunguze.

Kwa hiyo stima inapitia ugani. Walioteua uga kuwa istilahi ya fizikia walichagua vizuri, maana uga wa nyumba ni eneo la wazi lililo karibu na mlango, halifiki kwa jirani. Ndivyo ulivyo uga wa kisahani kile. Nguvu yake ya maana ni ya milimita chache, na simu ikivalishwa kifuniko kinene inaweza kukosa kabisa. Kitendo chenyewe wengi hukiita induksheni, nami sina ugomvi na neno hilo darasani. Lakini kuamsha umeme ni Kiswahili ambacho mama yule angekielewa palepale, bila kufafanuliwa. Nyeri si mahali pa kuona haya kutaja mambo haya kwa lugha inayosemwa mitaani: ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kampuni inayotengeneza vipande vya semikondakta, kazi ambayo ni adimu Afrika nzima.

Turudi kwenye bila waya. Waya hapa haujapungua, umezidi. Uko wa koili ya chini, wa koili ya juu, na ule mrefu unaokwenda ukutani. Kilichoondoka ni kuchomeka. Na ukiwauliza wanaoipenda chaja hii, hicho ndicho wanachokishukuru: tundu halichakai, vumbi na unyuzi havishindiliwi ndani, simu inanyakuliwa mezani ikilia bila kukokota kamba, dereva anaiweka mahali pake bila kupapasa gizani. Wenye simu ambayo tundu lake limekufa huipenda kuliko wote.

Ndiyo maana nalipigia kura neno la fundi. Chaja ya kuchomeka na chaja ya kulaza. Vitenzi hivyo viwili vinasema mkono unafanya nini, na cha pili kinafundisha matumizi pia, kwa sababu koili lazima ilale juu ya koili. Simu ikikaa upande, umeme mwingi zaidi unapotea na kuwa joto, na joto ndilo adui wa betri. Hata ikilazwa sawasawa, njia hii hupoteza zaidi kuliko waya na mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Sarafu au funguo zikiingia katikati zinaweza kupata moto. Chaja nzuri huzihisi na kujizima.

Kiwango kinachofuatwa na chaja nyingi za aina hii kinaitwa Qi, neno la Kichina linalotamkwa karibu na chii, lenye maana ya pumzi, hewa, nguvu ya uhai. Muungano wa kampuni unaokisimamia ulianzishwa mwaka 2008, na jina hilo limekubaliwa dunia nzima bila kutafsiriwa. Waliolitunga na wazee wetu wa simu ya upepo walikuwa wakitazama upande mmoja. Toleo la Qi2, lililotangazwa mwaka 2023, limeongeza sumaku za kuivuta simu ikae mahali pake penyewe. Hiyo nayo nitaiita chaja ya kunasa, maana simu hainasi pengine.

Neno chaji lenyewe lina mizigo yake. Kabla stima haijafika vijiji vingi, simu zilipelekwa sokoni, na mwenye kibanda alikuchaji pesa ili akuchajie simu. Nalipenda kwa jinsi lilivyokubali viambishi vyetu bila ubishi: chajia, chajiwa, chajika. Na sasa limepata kauli ambayo miaka 20 iliyopita isingekuwa na kazi. Huawei Mate 20 Pro ya mwaka 2018 iliweza kuipa chaji simu nyingine iliyolazwa mgongoni pake, na Samsung Galaxy S10 ikafuata mwaka 2019. Stima ikipotea, kisahani cha mezani hakifai kitu, lakini marafiki wawili wenye simu za namna hiyo wanaweza kuchajiana. Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kusema hivyo.

Bila waya tuiwekee kazi yake ya kweli: redio, Wi-Fi, mnara na simu zilizoachana kwa kilomita. Katika umeme wa matumizi, Nikola Tesla alijaribu kuustahili msemo huo. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe, Long Island, akitumaini kupeleka nguvu mbali bila kebo. Fedha zilimwishia, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Siku mtu atakapofaulu kuijaza betri iliyo mfukoni mwa mteja anayetembea barabarani Skuta, huku chaja iko ng'ambo ya pili ya mji, aiite bila waya.