Mto Ruvuma na Mchoraji Aliyefukuzwa

Sisi wa Likombe, hapa Mtwara, tunaitazama bahari tukiwa nchi kavu. Manahodha wa Uingereza waliitazama nchi yetu wakiwa baharini. Tofauti hiyo ndiyo iliyonivuta niwafuatilie wachoraji wa misafara yao.

Kapteni James Cook, katika safari yake ya pili ya mwaka 1772 hadi 1775, alimchukua William Hodges, akachora ghuba na milima ya Tahiti. Kazi hiyo haikuwa pambo. Kamera haikuwepo, na waliogharimia safari walitaka kuona kilichopatikana. Baharia naye aliitambua bandari kwa umbo la vilima vyake.

David Livingstone pia alikuwa na mchoraji. Mwaka 1858 alisafiri kwenda Zambezi na Thomas Baines, aliyekwisha kuchora kaskazini mwa Australia. Baines alikuwa pia mtunza stoo, na mwaka 1859 akafukuzwa kwa tuhuma za wizi, ambazo alizikana.

Kwa hiyo meli ya Pioneer ilipoingia Ruvuma mwezi Machi 1861, Baines hakuwemo. Livingstone alitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita kwa Wareno. Maji yalipopungua, akageuza. Mwaka 1862 alirudi na mashua, na miamba ikamzuia. Mwaka huohuo Baines, katika safari nyingine, alikuwa akichora maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Picha zake zilichapishwa London mwaka 1865. Maporomoko yakapata sura mbele ya dunia. Mto wetu ulipimwa kwa swali moja tu: meli itapita?

Mwaka 1866 Livingstone alikuja tena. Mikoko ya mdomo wa Ruvuma ilimnyima pa kushushia ngamia wake, akateremkia Mikindani.

Je, nisikitike kwamba Baines hakufika? Nasita. Picha ya bandari iliyochorwa kutoka sitahani ni kama neno karibu linalotamkwa na mgeni, mwenye nyumba hajaulizwa. Ninayoitamani ni nyingine: ya mtu aliyeketi ufukweni kwetu siku ile, akiichora meli inavyokaribia, ikiwa ndogo kama ganda la nazi, na mbele yake mikoko iliyosimama bila kusogea.