Barua ya Upare na sheria ya nahodha

Mwaka 1890 serikali ya Ujerumani ilikubali kuilipa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg marki 900,000 kwa mwaka ili ibebe mifuko ya posta hadi pwani yetu. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Shigatini, katika milima ya Upare, mwaka 1900, na Waadventista waliojenga Giti 1903, walitegemea meli za namna hiyo kupata habari za kwao. Bandarini barua ilipokelewa na reli ya Tanga, iliyofika Moshi 1911, kisha tarishi akapanda nayo milimani kwa miguu.

Serikali iliyotoa fedha kama hizo haikutaka barua zipite mlango wa nyuma. Waingereza walikuwa wameliona hilo mapema. Sheria yao ya mwaka 1711 ilimtaka nahodha akabidhi posta barua zote alizobeba, naye apewe peni moja kwa kila barua. Ile ya 1837 ilikaza zaidi: nahodha, mwenye meli, hata abiria, walikatazwa kubeba barua za watu hata kama hawakulipwa. Faini ilikuwa pauni 5 kwa kila barua. Zilizosamehewa ni barua za mwenye meli na za wenye shehena iliyomo melini.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika, posta ilibaki mikononi mwa serikali, na mwaka 1933 ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda. Ukiritimba huo ulikuwa na hesabu yake: stempu ya barua ya Tanga kwenda Mombasa, safari rahisi, ilisaidia kulipia barua ya kupanda Mbaga au Suji huko Upareni, ambayo gharama yake ilizidi stempu. Kama wenye vyombo wangejichukulia barua za njia zenye faida, posta ingebaki na milima tu.

Hata hivyo, nje ya meli, sheria ya 1837 ilimwachia nafasi rafiki aliye safarini: aliruhusiwa kubeba barua mradi aifikishe mwenyewe kwa mlengwa. Upareni nafasi ya namna hiyo ilikuwa na kazi kubwa. Aliyeko kazini mbali alimpa barua mwenzake anayerudi nyumbani, na juu ya bahasha akaandika “kwa hisani ya”, kisha jina la mchukuzi.

Leo bahasha hushushwa Same kwa basi la Dar es Salaam au Arusha. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamtaka anayesafirisha vifurushi na vipeto kwa biashara awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), wenye mabasi wakiwemo. Zamani sheria ililinda mapato ya posta. Sasa mteja anapata faida pia, kwa kuwa mzigo ukipotea yupo wa kuwajibika.