Kunde, Vinundu na Udongo wa Machakos
Kabla mahindi hayajatawala mashamba ya Ukambani, mtama na uwele vilipandwa bega kwa bega na kunde, mbaazi na ndengu. Mahindi yalipochukua nafasi, desturi ya kuchanganya haikuachwa shambani wala jikoni: isyo hadi leo ni mahindi na jamii ya kunde katika sufuria moja.

Faida ya desturi hiyo imo mizizini. Mkunde ukingʼolewa wiki chache baada ya kuota, mizizi yake huonekana imejaa vinundu. Kinundu kikipasuliwa na kukutwa chekundu ndani, bakteria wanaoishi ndani yake wako kazini. Kikiwa cheupe, kazi bado au haipo kabisa. Huko Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth walionyesha mwaka 1888 kwamba vinundu ndivyo vinavyoupatia mmea naitrojeni ya hewani. Mwaka huohuo Mholanzi Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe.

Bakteria hana mdomo. Kila anachokula hupita kwenye utando wa seli, na utando huo huchagua. Naitrojeni ya hewani hupenya yenyewe. Maleti, chakula anachopewa na mmea, haipiti bila protini ya kuibeba, inayoiingiza pamoja na protoni. Fosfati ikiwa adimu huvutwa kwa pampu inayokula nishati ya seli. Kwa malipo ya chakula hicho, bakteria humpa mwenyeji wake amonia. Protini za kubeba chakula namna hii zilianza kueleweka mwaka 1956, Jacques Monod na wenzake wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipochunguza jinsi bakteria wa utumbo wanavyoingiza sukari.

Lakini vinundu huhitaji udongo, na kufikia wakati huo Machakos, huko Ukambani, ilikuwa imekwisha kupitia dhiki ya mmomonyoko. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalaumu ngʼombe na kuwachukua kwa nguvu. Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akahamishiwa Lamu. Baadaye yalienea matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa 1994, ulikuta mmomonyoko umepungua ilhali watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930.

Hata hivyo, matuta hushika udongo na maji tu, naitrojeni hayaileti. Na kinundu kilichokosa fosforasi hudumaa, hata bakteria wawe wengi vipi. Mashamba mengi ya Machakos yana upungufu wa fosforasi, na mkulima asiyemudu mbolea ya dukani huitegemea samadi ya boma. Ngʼombe waliolaumiwa 1938 ndio wanaozilisha kunde.