Windows Iliyopunguzwa: Ipi Hukumu Yake?

Tumeulizwa na mzazi wa Unguja ambaye kijana wake anasomesha Newala. Kompyuta yake ya mtumba ina RAM ya GB 2, ilhali Windows 11 inataka angalau GB 4. Fundi wa Masasi akamtilia Windows "iliyopunguzwa" kutoka kwenye flashi, na sasa inakwenda mbio. Je, inajuzu?

Kupunguza kwenyewe si haramu. Anayeondoa michezo na programu asizozihitaji katika Windows yake ya halali hana ubaya. Lakini nakala kama Tiny11 hazitengenezwi na Microsoft, na leseni yake hairuhusu mtu kuigeuza Windows na kuisambaza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Kuwait cha Desemba 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia. Wapo wanaosema, "Tajiri yule si Muislamu, hadhuriki." Hoja hiyo hatuikubali, mkataba ni mkataba.

Na madhara yapo. Nyingi ya nakala hizi zimeondolewa kinga ya virusi na masasisho, na huyo aliyeijaza flashi hajulikani. Humo ndimo mwalimu anamoweka alama za wanafunzi, nazo ni amana.

Aende kwa fundi yule yule amtilie Lubuntu, ambayo ni nyepesi na wenyewe wameruhusu kuitumia, kuigeuza na kuigawa. Ujira wa fundi ni halali. Ahifadhi mafaili yake kwanza. Ya Word yatafunguka kwa LibreOffice, ingawa mpangilio huenda ukavurugika kidogo.

Wallahu aalam.