Waya Uliotelemsha Msitu wa Shume

Ukitoka Mombo kwenda Same, milima ya Usambara Magharibi inakufuata upande wa kulia. Bondeni ni joto, mkonge na vumbi. Juu, mita 1,500 hivi kutoka hapo, watu wanavaa masweta mchana. Nilishuka Mkumbara, kituo kidogo cha reli ambacho abiria wengi hawakigeuzii hata shingo. Nilitaka kuifuata njia ambayo haikuwahi kukanyagwa na mguu wa mtu: waya wa chuma ulioning'inia kati ya kituo hiki na msitu wa Shume, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Njia za kushuka mlima huu zilianza kuleta utajiri na ugomvi kabla ya Wajerumani. Kimweri ye Nyumbai aliwatawala Wasambaa kutoka Vuga, juu mlimani, hadi alipofariki mwaka 1862. Mwanawe Semboja aliuchagua upande wa bondeni. Aliweka makao yake Mazinde, jirani tu na Mkumbara, pale misafara ya pwani ilipopita. Misafara ile ilileta nguo na bunduki, na bunduki zikampa Semboja nguvu za kuivunja Vuga iliyokuwa imemlea. Ufalme uliojengwa juu ukashindwa na mtu aliyekaa chini, njiani.

Reli ilifuata bonde hilo hilo. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukasuasua hadi serikali ya kikoloni ikaichukua kazi kutoka kwa kampuni iliyoshindwa. Treni ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911. Mkumbara iko kati ya Mombo na Buiko, na moja kwa moja juu yake ndipo ulipokuwa msitu ambao wafanyabiashara waliumezea mate: mitarakwa ya Shume, miti yenye mbao nyekundu, zinazonukia na kuchongeka bila kupasuka. Mbao za namna hiyo ndizo viwanda vya penseli vilivyokuwa vikizitafuta. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilipata kibali cha kukata, ikajenga kiwanda cha kupasulia mbao mahali ilipopaita Neu-Hornow.

Kukata kulikuwa kazi nyepesi. Kushusha ndiko kulikokuwa mtihani. Kati ya kiwanda na reli kulikuwa na genge, na mpagazi habebi gogo kichwani. Ndipo kampuni ikabisha hodi kwa ukoo mmoja wa Leipzig.

Adolf Bleichert, mhandisi aliyezaliwa Dessau mwaka 1845, alianzisha kampuni ya njia za waya mwaka 1874. Mwaka 1881 alihamia Gohlis, kitongoji cha Leipzig, akajenga kiwanda na, karibu yake, nyumba ya familia aliyoipa jina la mkewe: Villa Hilda. Alipofariki mwaka 1901, wanawe Max na Paul walishika usukani, na chini yao jina la baba lilisambaa milimani kote duniani. Huko Chilecito, Argentina, walijenga waya wa kiasi cha kilometa 35 wa kushushia madini kutoka zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Usambara walijenga mfupi zaidi, wa kilometa 9 hivi, lakini kwenye mteremko mkali ajabu.

Ufundi wa Bleichert ulikuwa wa kutenganisha kazi. Waya mnene ulitulia juu ya nguzo, nao ndio uliobeba uzito. Waya wa pili, mwembamba, ulizunguka bila kukoma ukivuta vigari. Kila kigari kilikuwa na kibano kilichobana kwa uzito wa mzigo wenyewe: mzigo ukiongezeka, kinabana zaidi. Na mzigo ukiwa unashuka tu, mlima unafanya kazi ya injini. Ni kama ndoo mbili za kisima kimoja: iliyojaa inaposhuka, iliyo tupu inapanda. Kwenye mteremko mkali, kazi kubwa huwa ya breki.

Mimi nilipanda kwa njia ya watu: nikarudi Mombo, nikapita Soni na Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, kisha Magamba, Lukozi, hadi Shume. Ni mzunguko mrefu mno kufika mahali ulipokuwa ukipatazama toka Mkumbara. Ukisimama ukingoni na kuliona bonde chini ya miguu yako, unaelewa kwa nini waya ulikuwa na thamani kuliko barabara.

Ila Shume haikuwa msitu usio na wenyewe. Wambugu, wafugaji, walilisha ng'ombe wao kwenye mbuga zilizo katikati ya miti ile. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa sheria ya kuhifadhi misitu, ikaanza kuweka mipaka. Malisho ya Wambugu yakajikuta ndani ya hifadhi, na mvutano wa ng'ombe na mipaka ukaendelea hadi enzi za Mwingereza. Mfugaji aliambiwa kwamba ng'ombe wake wanaharibu msitu, wakati huo huo mitarakwa ikiteremka Mkumbara, kigari baada ya kigari.

Vita ikaja. Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliteka Mombo na Wilhelmstal, na zama za Wajerumani milimani zikafika mwisho. Ukoo wa Bleichert uliendelea. Waya wa abiria wa Table Mountain, Cape Town, uliofunguliwa mwaka 1929, ni kazi yao. Lakini mdororo wa uchumi wa dunia uliifilisi kampuni mwaka 1932. Villa Hilda bado ipo, sasa ni nyumba ya shughuli za utamaduni.

Shume nayo ina kumbukumbu yake. Penye mitarakwa iliyokatwa, wakoloni walipanda paina na saiprasi, wakiwaruhusu wakulima kulima mahindi na viazi kati ya miche hadi kivuli kitakapowafukuza. Leo ni shamba la miti la serikali, miti imejipanga mistari. Jina la Bleichert linakumbukwa kwa uhodari wa kushinda genge. Haki yake apewe. Lakini genge ndilo lililokuwa mlinzi wa msitu. Kabla ya waya, mtarakwa ulikuwa mti usioweza kuuzwa kwa sababu haukuweza kushuka. Sheria ya 1904 iliwazuia wafugaji; hakuna sheria iliyoizuia misumeno kwa kadiri genge lilivyoizuia.

Siku hizi malori ya kabichi na viazi yanashuka kutoka Lukozi kuelekea Soni, Mombo na masoko ya Dar es Salaam. Mkulima wa huku anaiombea barabara kila masika, na ana haki. Ila tunaporahisisha kushuka, tukubaliane kwanza juu ya kitu gani kisishuke, na nani mwenye kusema hapana. Waya wa Shume ulipojengwa, Wambugu hawakuulizwa.