Wagurkha: damu ya Nepal, bendera za wengine

Novemba 4, 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, Wagurkha wa kikosi cha Kashmir walikuwa miongoni mwa wachache waliopenya hadi mjini na kulitwaa jengo la forodha. Shambulio lilishindwa. Wagurkha hao, wenye asili ya milima ya Nepal, hawakuwa na ugomvi wowote na watu wa Tanga.

Wagurkha walianza kuitumikia Uingereza mwaka 1815, vita vya Nepal na Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza vikiwa bado havijaisha. Kampuni iliona ukali wa wapinzani wake, ikaanza kuwaandikisha.

Sifa zao si porojo. Septemba 1915, huko Ufaransa, Kulbir Thapa, mwenyewe akiwa amejeruhiwa, alimkuta Mwingereza hoi nyuma ya handaki la Wajerumani. Majeruhi yule alimsihi ajiokoe. Thapa alikataa, akashinda na kukesha naye. Alfajiri, ukungu ukiwa umetanda, alimpitisha kwenye seng'enge, akamficha, akarudi kuwatoa Wagurkha wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha, mchana kweupe, risasi zikivuma, akamfuata tena yule Mwingereza na kumbeba. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, rejimenti kumi za Wagurkha ziligawanywa: sita India, nne Uingereza. Hadi leo, anayetaka kujiunga na jeshi la Uingereza hupandisha mlima huko Pokhara kilomita tano, akibeba mchanga ndani ya doko, kapu linaloning'inia kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Hujitokeza maelfu, huchukuliwa mamia.

Kinachouma ni malipo. Waliostaafu kabla ya Julai 1997 walinyimwa haki ya kuhamia Uingereza hadi 2009, baada ya kampeni iliyopaziwa sauti na mwigizaji Joanna Lumley. Wazee wengi bado wanadai pensheni sawa na ya Waingereza waliopigana nao bega kwa bega, na wana haki.

Mwaka 2022 India ilileta mpango wa Agnipath, ambao huwaachisha askari wengi baada ya miaka minne bila pensheni. Nepal ikasitisha uandikishaji wa raia wake katika jeshi la India. Lakini ajira nyumbani ni haba, na baadhi ya vijana wakajiunga na jeshi la Urusi. Januari 2024, baada ya wengine kuuawa vitani, Nepal ilisimamisha vibali vya kwenda kufanya kazi Urusi na Ukraine.